Nywele za Farasi na Makapi ya Kahawa

Winfrida mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Lakini wewe hujafika mbali kokote. Uko chumba cha pili, nakusikia ukibishana na baba yako. Yeye anataka kukufungia kisalfeti, kigunia cha mahindi, wewe unamwambia hakuna haja ya kufunga chochote kwa sababu kesho husafiri. Haya. Nimefunga karakana mapema, jua bado liko juu ya kilima, nimekaa kwenye meza ya kukatia ngozi na kalamu ile nene ya kuchorea vipande. Ukiona maandishi yamevimba, usiseme mama amezeeka, kalamu ndiyo hii.

Juzi tulipokaa sengu, ukoo mzima kwenye chakula, ulisema mbele ya wajomba zako kwamba huendi. "Chuo kitanisubiri mwakani," ukasema. "Nani atamshikia Mama ngozi akikata?" Wajomba wakatikisa vichwa kwa furaha. Mjomba Otmari akasema huyu ndiye mtoto, akaongezewa ugali kana kwamba yeye ndiye amekuzaa. Mimi nikakusanya sahani. Kwetu mtu habishani na mwanawe mbele ya sahani ya ukoo. Sasa sahani zimeoshwa, na uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunikatiza katikati.

Umechaguliwa kwenda Dar es Salaam kujifunza kuchora na kujenga mabodi ya magari. Kuchora, Winfrida! Mimi tangu ujana wangu nimeyajua magari kwa matako, ya kwangu na ya watu. Nimevua viti vya kila gari lililowahi kupanda mlima huu, na sijawahi hata siku moja kuona mahali ambapo gari linachorwa kabla halijawa gari. Sitaki uache nafasi hiyo kwa sababu ya kidole gumba changu kinachokufa ganzi. Hilo ndilo neno langu lote, na mengine yanayofuata ni njia ya kulifikia. Habari za kuchemsha maji na kutoazima watu viatu nimemwachia baba yako, anazipenda.

Unajua babu yako, baba yangu, alikuwa fundi viatu kwenye karakana ya misheni. Wewe ulimkuta mzee, hukumwona akiwa na msharasi wa kutobolea ngozi mkononi. Mimi nilikuwa namfuata pale tangu utoto, na mkubwa wa karakana alikuwa Bruda mmoja, mtawa Mjerumani, mrefu, mkali, aliyesema Kiswahili kama mtu anayegonga misumari. Gari lolote la misheni lililochanika kiti lililetwa kwa baba yangu, kwa hoja kwamba ngozi ni ngozi. Baba hakuyapenda magari. Alisema kiatu kinakwenda kinakopelekwa na mwenyewe, gari linakwenda linakotaka. Basi viti akaniachia mimi.

Kiti changu cha kwanza kilikuwa cha landrova. Nilikifungua nikitegemea maajabu ya Ulaya, nikakuta ubao, godoro jembamba, na kitambaa kigumu. Nikamuuliza Bruda kama Mwingereza amewakasirikia abiria wake. Akacheka, na Bruda hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Akanisimulia kwamba gari lile lilizaliwa baada ya vita kubwa, Uingereza hakuna kitu, chuma kinatolewa kwa kibali. Aluminiamu ndiyo ilikuwa tele, maana viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi, basi bodi wakalijenga kwa aluminiamu. Rangi ya kijani nayo ilikuwa ya jeshi, imebaki tu, wakaipaka. Na mchoro wa kwanza kabisa, mwenye wazo lile aliuchora kwenye mchanga wa ufukweni.

Nilishangaa sana, mwanangu. Mimi nilidhani Wazungu huamka asubuhi wakakuta kila kitu kipo. Kumbe Mwingereza naye alipanga foleni! Ndipo nikaanza kupenda magari. Nikayaona ni kazi za watu waliokuwa na shida fulani mahali fulani, wakatumia kilichokuwepo.

Baadaye likaja lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa kobe, injini nyuma, halinywi maji. Wazee wa hapa walikuwa wanafungua boneti ya mbele na kukuta mzigo, wanasema limeibiwa injini. Bruda hakupenda kusimulia chimbuko la gari lile ingawa lilikuwa la kwao. Alisema tu kwamba mtawala aliyeamuru litengenezwe alikuwa mtu mbaya mno, na kwamba kitu kizuri kinaweza kuzaliwa katika nyumba mbaya, tusikilaumu kitu. Kisha akanipa kisu nifungue kiti. Ndani nikakuta makumbi ya nazi, yamefungamanishwa kwa mpira. Nazi, Winfrida! Imetoka pwani moja ya nchi za joto, ikaenda baridini, ikaja hapa kwetu Mbinga ndani ya kiti. Baba yangu alikinusa kile kipande akasema hata nazi imesafiri kunizidi.

Lakini gari lililoniiba moyo lilikuwa la Mfaransa. Siku moja alipita daktari wa Kizungu anateremka ziwani, gari lake bati jembamba lenye mikunjo, paa la turubai linakunjwa kama mkeka. Kitu kibaya, kibaya hasa, watu walikizunguka wakicheka. Daktari akasema msicheke, aliyeliagiza hili alimwambia mchoraji hivi: nitengenezee gari ambalo mkulima atapakia kapu la mayai, apite shamba lililolimwa, afike bila yai kuvunjika. Mzee mmoja akasema huo ni uongo wa kizungu. Basi yakaletwa mayai. Kapu likawekwa kiti cha nyuma, gari likapitishwa uwanja wote wa mnada, kwenye makorongo na mashimo ya ng'ombe, linayumba huku na huko, limelala upande utasema litaanguka. Likarudi. Mayai yote mazima isipokuwa moja, nalo alilivunja baba yangu wakati wa kukagua.

Nikaomba nikione kiti. Hakikuwa na springi. Ilikuwa fremu ya mabomba na kitambaa kimening'inizwa kwa mipira. Nilikaa juu yake nikaanza kucheka peke yangu. Mtu fulani alikuwa ameketi mahali akawaza juu ya mayai ya mkulima, na wala hakuona aibu. Sijui kama nakueleza vizuri. Nilijisikia kwamba mtu yule, popote alipo, tungeweza kuzungumza.

Bruda akaona. Akasema kuna karakana kubwa mbali, kusini ng'ambo ya mpaka, wanapokea wasichana wanaojua sindano, wanafundisha kuchora mabodi na viti kwa vipimo. Atanipeleka. Nikamwambia bibi yako, mama yangu. Alikuwa anapepeta mahindi. Akasema, "Nenda tu, mwanangu, mimi ni nani wa kukuzuia." Akaendelea kupepeta, na machozi yanadondoka kwenye ungo. Nikabaki.

Simlaumu, apumzike kwa amani. Wala sisemi maisha yangu yameharibika, ningeondoka nisingempata baba yako, yule Mnyasa wa Liuli, kando ya ziwa, aliyekuja kushonewa kiti cha lori akarudi wiki hiyo hiyo na kiti kimechanika tena kwa kisu, kumbe anatafuta kisingizio. Lakini tangu siku ile najua jambo moja: ruhusa yenye machozi si ruhusa. Mama alinifungulia mlango akasimama katikati yake. Na mimi juzi usiku, uliposema huendi, nilihisi raha ndani ya tumbo. Nakuambia wazi. Raha kabisa. Nikajiambia, afadhali, mtoto mwenyewe ameamua. Asubuhi nilipoamka raha ile ikawa inanuka.

Sasa nikusimulie habari ya uyoga. Najua unaijua. Mbinga nzima wanaijua, ndiyo maana hadi leo sokoni wananiita Mama Uyoga, na wewe ulipigana shuleni kwa ajili hiyo, ukampiga mtoto wa mwalimu. Lakini unachokijua ni mkia tu. Kichwa chake mimi na Mzee Kasiani tulikificha, yeye kwa aibu yake na mimi kwa yangu. Majuzi nilimwomba ruhusa nikusimulie. Akasema, "Msimulie, mimi ni mzee sasa, aibu imenichoka."

Mzee Kasiani alikuwa na lile gari refu jeusi la Kiingereza, la zamani hata wakati huo, alilinunua kahawa ilipokuwa kahawa. Mbao za mti wa jozi kwenye dashibodi, viti vya ngozi nyekundu. Panya wakaingia kwenye kiti cha nyuma. Na binti yake alikuwa anaolewa na kijana wa Mbamba Bay, Pasaka ikipita tu. Akaniletea gari kabla ya Kwaresima, akasema, "Fundi, binti yangu hawezi kuketi kwenye choo cha panya."

Nikakifungua mbele yake. Winfrida, ndani kulikuwa na nywele. Nyingi, nyeusi na nyingine za hudhurungi, zimejikunja, zimeshonewa ndani kwa utaratibu. Mzee akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Nywele za nani hizi?" Nikavuta, zikazidi kutoka. "Mimi nimekalia nywele za nani miaka yote hii?" Akaanza kuhesabu misiba ya nyumbani kwake, ng'ombe waliokufa, mkewe na mgongo wake, yote sasa ikapata sababu. Akamwita katekista. Katekista naye akazitazama akasogea mbali kidogo, akanyunyizia maji ya baraka akiwa amenyoosha mkono. Kisha tukazichoma nyuma ya karakana. Zilinuka kijiji kizima. Mimi ndiye niliyewasha kiberiti.

Sasa kiti nikijaze nini? Ilikuwa miaka ile ya uhaba, sabuni yenyewe ya foleni. Sponji hakuna Mbinga, hakuna Songea. Nikaenda kwenye mashine ya kukoboa kahawa, nikaona kilima cha makapi, makavu, mepesi, ukiyabonyeza yanarudi. Nikajiona nina akili kuliko Mwingereza. Nilishindilia magunia na magunia, nikarudishia ngozi, nikaipaka mafuta. Kiti kikang'aa. Mzee akakaa, akapigapiga kwa kiganja, akasema, "Hata wenyewe huko kwao hawakukaa hivi."

Masika ikanyesha. Gari liko chini ya banda linalovuja, hakuna aliyejua. Pasaka ikapita, bibi arusi akaingia na gauni lake jeupe, vigelegele, tukaanza kuteremka kwenda ziwani. Mimi nilikuwa kwenye lori la nyuma na baba yako. Katikati ya mteremko gari likasimama. Bibi arusi ametoa kichwa dirishani anasema, "Baba, kiti kina homa." Mzee akamwambia ni wasiwasi wa arusi. Wakaendelea. Makapi yakilowa huchacha, na yakichacha hupata moto, kila mwenye jaa nyumbani anajua hilo. Mimi nina jaa nyumbani.

Tulipofika Mbamba Bay na bibi arusi akashuka, nyuma ya gauni kulikuwa na duara la rangi ya kahawa, kubwa, limechorwa vizuri. Wanawake wakamfunika kwa kanga. Na kwenye mshono wa kiti, pale kwenye pembe, umechomoza uyoga. Mwingi, mweupe, wenye afya. Bibi mmoja mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwani, akauchuma, akaunusa, akauliza kwa dhati kabisa, "Huu unaliwa?" Watu wakacheka mpaka wakaketi chini. Mzee Kasiani hakucheka. Mimi nilijificha nyuma ya lori, baba yako akaja akanishika bega, naye alikuwa anajikaza asicheke, namjua.

Arusi ilifungwa. Binti yule ana watoto wake na akipita hapa huniuliza kama nimelima uyoga mwaka huu. Hilo lilipona. Lisilopona ni hili. Nilikwenda kwa Bruda, mzee sana wakati huo, anatembea na fimbo, nikamwuliza juu ya nywele. Akaniambia zile zilikuwa nywele za farasi, singa za shingo na mkia. Waliotengeneza viti vile, babu zao walikuwa mafundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Farasi alipofukuzwa mbele ya gari, fundi akambakiza ndani ya kiti. Huzisokota, huzichemsha, huzikausha, zikawa springi. Hazichachi, hazishiki unyevu. Hudumu kuliko mwenye gari na mwanawe. Nikamwambia tumezichoma. Akaweka mkono kichwani, akasema, "Mngeziosha tu."

Mngeziosha tu! Nilirudi nyumbani nikalia. Nilikuwa na mtu wa kumuuliza, anakaa mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka kwangu, na sikumuuliza. Niliona kitu nisichokielewa, mkubwa akaogopa, na mimi nikaogopa kwa sababu yeye ameogopa. Tukachoma. Uyoga ni wa kuchekesha, nauchekea na mimi. Nywele zile hazinichekeshi hata leo.

Sitaki kukupigia mahubiri, padre yupo. Nataka tu ujue ni kitu gani kinaniuma ninapokutazama ukikunja ile barua ya chuo na kuiweka chini ya godoro. Una jambo ambalo hulielewi, umewaona wajomba wanatikisa vichwa, na wewe unatafuta kiberiti.

Najua pia unachoogopa kwa upande wangu, tena umesema vizuri siku ile tulipokuwa tunakunja reksini, ile ngozi ya bandia. Ulisema, "Mama, biashara yenyewe inakufa." Ni kweli imepungua. Siku hizi za ruksa kila kitu kinashuka bandarini. Wanunuzi wa kahawa wapya wamekuja na pikapu za Mjapani, viti vyao vya sponji vilivyofinyangwa kiwandani, kitambaa hakichaniki, mtu anachotaka kwangu ni kifuniko cha plastiki tu ili vumbi lisiingie. Landrova zinafia kwenye nyasi. Lile gari la Mzee Kasiani kuku wametaga ndani. Nilikuwa namchukia Mjapani, unanikumbuka nikimtukana kila nikifungua mlango wa gari lake.

Nimeacha. Mwezi uliopita nilivua kiti cha pikapu moja usiku mzima, bila sababu yoyote, kwa kutaka kuona tu, oh, baba yako alinuna. Winfrida, kila bolti ina mahali pake. Kiti kinatoka bila kulazimishwa, kinarudi bila kupigwa nyundo. Nikakumbuka maneno ya Bruda kwamba Mjapani alianza kwa kujenga magari ya Mwingereza kwa ruhusa ya Mwingereza, kipande kwa kipande, anafungua, anafunga, anajifunza, watu wakimcheka kwamba anaiga. Aliiga mpaka akajua kwa nini kila kitu kiko pale kilipo. Halafu akaanza kurekebisha. Ukifika huko wakikucheka kwamba unauliza maswali ya kijinga, uliza la pili. Wewe una ulimi wangu, utaweza.

Na kuna kitu nimekigundua nikiwa nimekaa chini na kile kiti cha Mjapani mapajani. Nimefungua viti vya Mwingereza, Mjerumani, Mfaransa, na sasa Mjapani. Mmoja aliwaza juu ya vita, mwingine juu ya mayai. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kubeba mtoto mgongoni.

Unakumbuka ulivyofanya? Ulikuwa bado unasoma shule ya msingi. Ulipanda pikapu ya abiria ya baba yako kutoka Kingerikiti, ukaona wanawake wameketi ukingoni mwa benchi, nusu tako hewani, kwa sababu ukiegemea, mtoto wa mgongoni anabanwa, na ukimshusha umpakate, kapu la samaki utaliweka wapi. Ulirudi nyumbani hukula. Ukachora kwenye vumbi la mlangoni kwangu, ukafuta, ukachora tena. Kisha ukanisumbua mpaka nikakukatia benchi lenye tundu mgongoni, pameingia ndani na pamezungushiwa sponji, mtoto anakaa humo na mama ameegemea juu na chini ya tundu. Baba yako alisema litaharibu gari. Wanaume wakanung'unika kwamba upepo unawapiga kiunoni. Na wanawake wa Kingerikiti mpaka leo wakiona pikapu nyingine inakuja wanaiacha ipite, wanasubiri lile benchi. Jumapili iliyopita mmoja alimwambia baba yako, "Aliyetengeneza hili anatujua."

Mimi sijawahi kuambiwa hivyo. Mimi naambiwa kiti kimependeza. Nilipolisikia lile neno, nilijua kwamba mtu yule wa mayai, ambaye nilitamani kuzungumza naye, nimemzaa mimi. Analala chumba cha pili na anakoroma. Nakuonea fahari mpaka kifua kinauma, na sikukuambia kwa sababu sisi watu wa huku sifa tunazitoa kwenye mazishi.

Basi nenda ukajifunze lugha yao ya vipimo. Ujue kuchora kitu kabla hakijawepo, ili mwenye kiwanda akiuliza tundu hili la nini umjibu kwa namba, maana neno langu mimi na la mama wa Kingerikiti hawatalisikia. Utakosea. Utatengeneza uyoga wako. Mradi usichome nywele za mtu kabla ya kuuliza.

Nimefika sasa. Nimeshakueleza ruhusa ya bibi yako ilivyokuwa, na nimeapa sitakupa ruhusa ya namna ile. Nikikuambia "nenda tu," nitalia, wewe utaona, utabaki. Kwa hiyo sikupi ruhusa. Leo mchana, ulipokuwa umekwenda kisimani, nilivuka barabara kwenda kwa Mama Ostina, yule mjane anayeshona sare za shule kwenye kibaraza nyuma ya soko. Ana mkono mzito na mdomo mwepesi, nitamfundisha kimoja nitavumilia kingine. Tumekubaliana. Jumatatu asubuhi anaanza. Yeye ndiye atakayenishikia ngozi nikikata, na sindano zako nimeshampa, ameondoka nazo, usizitafute.

Nitalia, ndiyo, lakini nitasubiri gari likate kona kwanza. Wajomba waambie chochote unachotaka, au waambie ukweli, kwamba mama yako ni mkali na amekufukuza kazi. Hapa hakuna nafasi tena, Winfrida. Panda gari.

Mama yako.